Mume wangu anataka kukata pikapu yangu atengeneze gari la kuingilia kwenye ngoma

Admin, nifichie jina. Ukisema Kahama inatosha, watakaonijua wanijue tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu, wa kwanza ni mapacha. Elimu yangu ni kidato cha nne. Tangu sekondari nina kawaida ya kuandika kila siku mambo yaliyotokea na tarehe yake, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio na sitatia chumvi. Kisa chenyewe hakihitaji chumvi.

Nauza mchele. Naufuata Tinde kwa pikapu yangu, naushusha hapa mjini kwa wateja. Pikapu niliinunua kwa faida ya mchele huo huo, lakini kadi iliandikwa jina la mume wangu, kwa sababu alisema watu watamcheka wakisikia mke ana gari na yeye hana. Watu hawakumcheka. Sasa ndiyo wataanza.

Mume wangu, tumwite Baba Kulwa, ana hisa kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimba dhahabu, upande wa Geita. Mwaka jana duara lilitema. Wenzake dhahabu ikitoka wanajenga, wanasomesha. Yeye akawa mlezi wa kikundi cha ngoma kijijini kwao Samuye. Kwa wasiojua mambo ya Usukumani: baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Kila kikundi kinaleta kioja chake. Mwaka jana wapinzani walileta ndege ya mbao yenye pangaboi linalozunguka. Uwanja mzima ukahamia kwao. Kikundi cha mume wangu kikabaki kinawachezea mbuzi na mama mkwe wangu.

Toka siku hiyo mtu hali vizuri. Akaona kwenye simu picha ya gari la michezo la zamani la Wazungu, viti viwili, halina paa, boneti ndefu kama jeneza la mtu mrefu. Akasema atatengeneza la kufanana nalo na ataingia nalo uwanjani. Baba wa watoto watatu akakata maboksi ya sabuni, akayaunganisha kwa gundi sebuleni ili apate umbo. Nikamuuliza, "Baba Kulwa, viti viwili, na sisi tuko watano?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hili si gari la kubeba watu. Hili ni la kutazamwa."

Akamleta fundi kutoka Geita, mtu mzima anayetengeneza mitumbwi ya faibaglasi. Gari hajawahi kutengeneza hata moja, na alilisema hilo bila aibu. "Shemeji, bodi ni bodi," aliniambia. "Tofauti hili haliendi majini." Kisha akaingia chini ya pikapu yangu, akatoka anatabasamu. "Chesisi safi kabisa, mzee. Tunakata juu kote, tunaivisha bodi mpya."

Ndipo nikaelewa kwa nini aliletwa nyumbani kwangu. Nikamwambia mume wangu magari mabovu yamejaa gereji, akatafute chesisi huko. Akasema, "Gari bovu litanizimikia mbele za watu. La kwako linawaka kila siku." Yaani kosa langu ni kulitunza.

Subirini. Kila kikundi cha ngoma kina mganga wake, hilo silishangai. Wa kwao alisema gari lisirudi nyuma hata kidogo kabla ya ngoma, maana likirudi, na watu watarudi kwa wapinzani. Mwenye akili angeelewa kwamba asiliendeshe kinyumenyume, basi. Baba Kulwa akamwagiza fundi aing'oe kabisa gia ya kurudi nyuma. Hata fundi wa mitumbwi alishtuka.

"Mzee, na likiingia mtaroni?"

"Vijana wa ngoma wapo. Watasukuma."

Nikaenda Samuye kwa mama mkwe, nikijua atamkanya mwanawe. Nikamwamkia, akaitika vizuri, nikaeleza yote. Akaniuliza, "Hicho kiti cha pili unajua ni cha nani?"

"Sijui, mayu."

"Ni changu. Ameniahidi. Ungekuwepo mwaka jana ukaona walivyotuzomea, usingekuja hapa kunililia mchele. Mchele hata kwa baiskeli unabebwa."

Juzi baba wadogo wa mume wangu wakaniita. Wakasema ngoma ni ya ukoo, na mke anayenyima gari ameungana na wapinzani. Wanaume wazima, wamevaa makoti, wanajadili boneti. Mume wangu alikaa katikati yao ameinamisha kichwa kama mtu aliyeonewa.

Fundi anakuja Jumamosi na grenda la kukatia chuma. Kadi ina jina lake, funguo ninazo mimi. Nikizitoa, biashara inayolisha nyumba hii imekufa ili mtu apigiwe vigelegele mchana mmoja. Nikikataa, Samuye sitakanyaga tena, na watoto wangu wataitwa watoto wa msaliti. Kaka yangu wa Ushirombo amesema nimpelekee aifiche pikapu, ila kwa kadi ile, nikifanya hivyo mwizi ni mimi.

Wale wa "vumilia dada, ndoa ndivyo zilivyo", leo piteni kimya. Nimeongea naye kwa upole, nimeongea kwa ukali, nimepiga magoti. Nawaombeni ninyi wengine, kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu. Nikijaribu kuwaza maisha yangu bila pikapu, natetemeka. Nikiwaza bila Baba Kulwa, sioni kinachopungua. Hilo linanitisha kuliko grenda. Nishaurini jamani, Jumamosi akigonga geti na fundi wake, nimfungulie au nisimfungulie?