Mwali wa Baba Anaolewa

Baba yangu alimwita farasi wake "mwali". Sisi wa nyumbani tulishazoea, ila mgeni akimsikia analalamika kwamba mwali wake hajala tangu asubuhi, alimwonea huruma binti asiyemjua. Kwa hiyo siku aliyokwenda dukani kununua sukari akatangaza, kwa sauti yake inayofika msikitini bila kipaza sauti, kwamba ameamua kumwoza mwali wake, hakuna aliyefikiria kwato. Walinifikiria mimi.

Na walikuwa na haki yao. Nilishaolewa, nikaachika, nikarudi kwa wazazi wangu hapa Wazo, na mtaa ulikuwa unaisubiri kwa hamu awamu ya pili. Adhuhuri haijafika, mke wa mwenye duka alikuwa uani kwetu.

"Shosti, hongera. Sasa sare rangi gani? Wenzio wanataka zambarau, mie nimewaambia zambarau tumeshaichoka."

"Sare ya nini?"

"Ya harusi yako. Au ulitaka tuje na madera yetu ya kupikia?"

Nilimshika mkono nikampeleka bandani, nikamwonyesha bibi harusi, aliyekuwa anatafuna majani huku akifukuza nzi kwa mkia. Shosti wangu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akauliza kama na huyu atafanyiwa kicheni pati.

Kumwoza kwa lugha ya Baba ni kumuuza, na lilikuwa jambo la lazima. Baba alimlea tangu ni mtoto wa farasi, akamfundisha kubeba mabwana harusi, na kwa miaka mingi hapakuwa na bwana harusi wa huku kwetu aliyejiona kamili bila kupanda juu yake. Lakini magoti ya Baba yaligoma. Kiwanja cha nyuma alikokuwa akimtembeza kilijaa nyumba na kuta, na njia iliyobaki ni ile ya malori ya saruji. Mama alimwogopa farasi yule. Mimi farasi alinidharau. Akawa anashinda amesimama bandani, anavimba tumbo, na Baba anavimba uso.

Alichoogopa Baba ni kitu kimoja: asije akamkabidhi mtu atakayemfanyisha kazi mpaka aanguke, kisha ampeleke kwa wachinjaji. Nilipomwambia tumpige picha tumweke mtandaoni, aliniangalia kama nimetukana.

"Mwali hatangazwi kama mahindi ya kuchoma," akasema. "Mwenye nia atume mshenga."

"Baba, farasi na mshenga wapi na wapi?"

"Basi wewe ndiye utakayewapokea."

Nikawapokea. Wa kwanza alikuwa kijana mpambaji wa maharusi kutoka Manzese, amevaa miwani ya jua hata ndani. "Mzee, huyu nikimfunga taa za rangi, mjini hapatoshi," akasema. Baba akamuuliza mwali atalala wapi. "Kuna gereji ya braza wangu. Usiku haina ishu kabisa." Baba alimmiminia chai, akammiminia tena, akamuuliza hali ya wazazi wake, kisha akamwambia kwa upole kwamba mwali hajawa tayari. Kijana aliondoka anashukuru. Nadhani mpaka leo hajui kwamba alikataliwa.

Wa pili alipiga simu. Hakuuliza umri, hakuuliza tabia, hakutaka hata kuja kumwona. Aliuliza ana kilo ngapi. Baba alikata simu bila kuaga, yeye anayemuaga hata aliyekosea namba. Akaenda bandani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka Magharibi. Siku ile sikumtania. Niliogopa.

Wa tatu alikuwa mama mmoja wa upande wa Bunju, anayefundisha watoto kupanda farasi. Kwenye simu nilimwambia, kwa mzaha, kwamba huku kwetu haji mtu bila mshenga. Mwenzangu akaamini kweli. Alikuja na mjomba wake, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na mzee yule akaketi mkekani akaanza kueleza jinsi walivyosikia kwamba nyumba hii ina binti mwenye adabu. Mama alikimbilia jikoni kwenda kucheka. Baba hakucheka. Alikuwa amekaa wima, macho yanang'aa.

Yule mama aliingia bandani na viatu vyake vya mvua, akanyanyua kwato moja moja, akatazama meno, kisha akasema, "Shikamoo tena, mzee. Nieleze mabaya yake."

Baba akayataja yote. Kwamba anaogopa matarumbeta, jambo ambalo kwa farasi wa harusi ni msiba. Kwamba huwavua wanaume kofia kwa meno. Kwamba kwato ya nyuma ya kushoto hupasuka wakati wa kiangazi. Kwamba asipopewa chakula kwa wakati hupiga mlango mateke.

"Mbona mwanao alipoposwa hukutaja hata moja?" Mama akauliza kutoka dirishani.

"Ya mwanangu niliwaachia wajionee wenyewe," Baba akajibu.

Baadaye Baba alikwenda kuona huko mwali atakakoishi. Mara ya kwanza kwa taarifa, mara ya pili kwa kuvizia. Aliporudi alisema maji ni masafi, kivuli kipo, na farasi wengine hawashtuki mtu akiinua mkono. Hilo la mwisho alilirudia wakati wa kula.

Siku ya kuondoka, gari lilikuja asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, limetandikwa majani. Farasi alipanda bila ubishi. Ubishi ulikuwa wa Baba, aliyekuwa anakagua kamba ambazo ameshazikagua. Hatimaye akamwita yule mama, akamkabidhi hatamu kwa mikono miwili.

"Nimekupa mzima," akasema. "Siku ukimchoka, usimuuze, usimpe mtu, usimtupe. Nirudishie mwenyewe, wala usione haya. Hapa ni kwao."

Nilikuwa nimeshika ndoo yake ya maji, ikanilemea. Maneno yale niliwahi kuyasikia. Baba alimwambia mume wangu, karibu neno kwa neno, siku ya ndoa yangu, na mimi nilikuwa ndani ya mtandio nikaona ananiaibisha. Siku niliyorudi na begi langu hakuniuliza kosa ni la nani. Aliniuliza kama nimekula.

Gari lilipokata kona, Mama akafuta macho, akauliza banda tulifanyie nini, labda tufuge kuku.

"Likae tu," Baba akasema.

Hata chumba changu, miaka yote niliyokuwa kwa watu, kilikaa tu.