Nalipwa Kuumwa, na Mtoto wa Dada Yangu Akanifunga Gozi ya Sakafuni

Admin, ficha jina langu, ila vichekesho usivifute. Hata hivyo Kimandolu nzima watanijua tu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na miwili. Shule niliishia darasa la saba, lakini dunia nimeisoma. Nimewapikia Wazungu Mlima Meru, kuna mama alionja supu yangu ya maboga akataka nimuoe. Nimechuuza mawe Mererani, nimeuza ng'ombe mnadani Ngaramtoni. Sasa watalii wakiwa wachache nina kazi ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia. Nalipwa kuumwa.

Msicheke. Kuna chuo kikuu huku kwetu kinafundisha uuguzi, na siku hizi kuandika majibu peke yake hakutoshi. Mwanafunzi aonyeshe kwa mikono kwamba kazi anaiweza. Ndiyo tunaitwa watu kama mimi, tunalazwa kitandani, tunabandikwa kidonda cha unga wa ngano na rangi nyekundu, tunaugua. Mimi naugua vizuri kuliko wagonjwa wa kweli! Siku ya kisa hiki kidonda changu cha mguuni nilikiongezea samli iliyochacha, ili na harufu iwepo. Mwisho mwalimu humuuliza mgonjwa swali moja: "Ungekubali huyu akuhudumie tena?" Ukisema hapana, mwanafunzi anarudia mtihani.

Basi kengele ikalia, akaingia Upendo (jina nimebadilisha), mtoto wa dada yangu wa Moshono. Nimembeba mgongoni huyo. Tukajifanya hatujuani.

"Shikamoo baba. Naitwa Upendo, nitakusafisha kidonda. Naomba ruhusa nikuguse mguu."

Sauti asali tupu. Nikasema moyoni, damu yetu hiyo.

Mara mwalimu akatoka nje kupokea simu. Hapo hapo mguu wangu ukaachiwa, ukadunda kitandani kama gunia la viazi. Upendo akaziba pua. "Mjomba, umejipaka nini? Unanuka kama zizi!" Gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, pale pale tunapokanyaga na viatu vyetu vya stendi. Akaiokota. Nikadhani anakwenda kuitupa. Akanibandika nayo kidondani!

"We Upendo, hiyo si imeanguka?"

"Tulia mjomba. Kwani wewe unaumwa? Unga tu huo."

Mlango ukafunguliwa, mwalimu huyo. "Pole sana baba, unasikia maumivu?" Upendo huyo, asali imerudi.

Jamani, mimi nimeosha masufuria yaliyotapikiwa na watalii huko mlimani na sikukunja uso. Siku ile nilitaka kutapika mwenyewe. Gozi ningeweza kuisamehe. Ile sauti ndiyo ilinichefua.

Nilipoulizwa nikasema hapana, na sababu nikaitaja. Upendo akatoka analia. Na mimi, na ujanja wangu wote, nikalia na unga wangu mguuni.

Dada akanipigia jioni ile ile. "Umemwangusha mtoto wako mwenyewe kwa ajili ya kidonda cha chapati? Darasa la saba wewe, nesi utamjua?"

"Dada, unesi siujui. Ila kuwa mgonjwa ndiyo kazi yangu."

"Sikiliza. Anarudia. Utalala pale pale na utasema ndiyo. Usiposema, mimi na wewe undugu basi."

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwake kutafuta amani. Mama yetu, yeyo, anaishi hapo. Ana kisukari, na kisigino chake kina kidonda cha kweli ambacho kimegoma kupona. Tukawa tunakula loshoro, mahindi na maziwa mgando, mpaka yeyo akasema, "Mbona mnanihangaisha na zahanati, na mjukuu wangu ni nesi? Upendo, njoo unifunge."

Upendo akainuka. Dada akamdaka mkono, akamkalisha.

"Hapana, yeyo. Tungoje nesi wa zahanati. Huyu bado anajifunza."

Nikamtazama dada. Akainamia bakuli. Upendo alimwangalia mama yake hivi, kijiko kimesimama hewani.

Mnajua dada aliniambia nini akinisindikiza getini? "Usisahau. Useme ndiyo."

Nilitema mate njiani mpaka nafika nyumbani. Mtoto nampenda, na mikono anayo, akitaka ataweza. Msiniambie nisiende. Nisipokwenda atalazwa mtu mwingine, na nyumbani nitaitwa msaliti vile vile. Labda safari hii atafanya vizuri, mwalimu akiwepo. Akitoka kupokea simu je? Wenye matusi leteni, nimezoea, ila msiyaokote sakafuni.

Wenye busara nishikeni mkono. Dada yangu hataki yule mtoto amguse mama yetu, ila anataka mimi niseme awaguse mama zenu. Nikiulizwa tena lile swali, nijibu nini?