Koti la Mume Wetu

Juzi nilimkuta kidudu dirishani, wa mviringo, mdogo kuliko punje ya mtama, mgongo wake una madoadoa ya kahawia na meupe. Basi nikaanza upya: nikatoa nguo zote kabatini, nikazikung'uta moja moja juani hadi mikono ikauma. Unanicheka, najua. Lakini wewe hukukabidhiwa koti la babu.

Miaka ile ya Ujamaa tulikaa Morogoro mjini. Babu alipofariki, bibi alishuka kutoka milima ya Uluguru kuja kuishi nasi, akiwa na koti zito la sufu la marehemu. "Mke mwenzangu," aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "mtunzie mume wetu koti lake. Kipupwe nikipanda kuwasalimia ndugu, ndilo blanketi langu." Dukani hata kaniki ilikuwa ya foleni, koti kama lile tusingelipata tena.

Nililifungia sandukuni, juu ya khanga zake, nikalitunza kupita kiasi. Sikuruhusu sanduku lifunguliwe, hata kwa kulianika. Kila Jumamosi nilipangusa kifuniko, nikaweka juu yake kopo la maua mapya. Vidudu wa dirishani niliwaona. Niliwaona wazuri.

Asubuhi ya safari ya bibi kupanda Uluguru, tukafungua sanduku. Koti lilikuwa limetoboka kola, mgongo na makwapa.

"Mende hao," nilisema, nalia.

Jirani yetu mwalimu, aliyekuja kusaidia mizigo, akalikung'uta. Wakadondoka viwavi wenye manyoya na magamba yao matupu.

"Mende wangegusa na khanga, binti. Khanga za bibi hizi hapa chini, nzima. Hawa wanataka sufu. Wakikua wanaota mabawa, wanafuata maua."

Kisha akalitazama kopo langu. Walikuwemo mauani, wale wale wa dirishani, na migongo yao ya madoadoa. Akaendelea kufunga mizigo. Nami sikumwambia bibi.

Bibi alilivaa hivyo hivyo. "Mke mwenzangu ana wivu," alisema, akipitisha kidole kwenye tundu la kola. "Kaona mume ananikumbatia peke yangu." Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa mimi na mwalimu.

Alipanga kukaa mwezi. Alirudi baada ya wiki moja, akasema ametukumbuka tu.

Sasa bibi hayupo, koti halipo, nyumba ile ina wapangaji wengine. Vidudu ndio hawajahama. Nimejifunza yote kuwahusu, siingizi ua ndani, na bado wananitia hasira. Nimeshapanga vizuri maneno ya kumwomba bibi radhi, neno kwa neno. Ila hakuna tena anayeniita mke mwenzake.