Moto wa Kijani

Mume wangu alikuwa mpaka rangi kwenye karakana ya reli hapa Kindu, na hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Mabehewa yalipakwa rangi moja tu ya udongo, kwa hiyo siri hiyo niliijua mimi peke yangu, niliyemchagulia mashati.

Basi kamishna wa mji akampa heshima ya kuchora. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na sisi wanawake wa animasio, ngoma za kusifu chama, tuliokata viuno juani kwa mapenzi yetu makubwa kwa chama, tulihitaji kitambaa nyuma yetu chenye picha ya mkono ulioshika mwenge, alama ya chama. Mimi nilikuwa Kailo kwa mama. Niliporudi asubuhi ya sherehe, kitambaa kilikuwa kimeshatundikwa, na moto wake ulikuwa kijani kama sombe, majani mabichi ya muhogo.

Kamishna alikuwa mbele yake na mume wangu, jasho linamtoka. Siku hizo sote tuliamriwa kuitana sitwayé, yaani raia.

“Sitwayé, hii njo nini?”

“Njo moto, sitwayé,” mume wangu akajibu. Alisema kweli. Yeye aliona moto.

Hapakuwa na muda wa kumfunga, gari la mgeni lilikuwa linaingia. Mgeni akakitazama kitambaa, akauliza swali lile lile. Kamishna, mtu wa busara nyingi aogopapo, akasema, “Ni moto wa pori la Maniema, sitwayé. Unawaka bila kuunguza.”

Mgeni akapiga makofi. Huo, alisema, ndio uhalisi wa Kiafrika ambao chama kinauhubiri.

Baada ya hapo kila ukuta wa mji ulitakiwa kuwa na mwenge wa kijani, na mume wangu akawa msanii. Kiongozi wetu wa nyimbo aliamriwa autungie mwenge huo wimbo. Akajaribu ngoma zetu za haraka, zikakataa.

“Moto wa nyekundu unaruka,” akatuambia. “Huu unapepea. Mwende polepole.”

Kwa bahati mbaya wimbo ukawa mzuri. Tuliuimba hata tukitwanga mihogo, bila kulazimishwa, jambo ambalo chama hakikulizoea. Mume wangu tu ndiye hakuuelewa.

“Mbona munaimba kama kwenye kilio? Moto iko na furaha.”

Kisha akaletwa kamishna mwingine. Huyu aliona kuta akakasirika, wimbo ukakatazwa, na mume wangu akaamriwa kupaka mienge yote upya kwa nyekundu. Nilizunguka naye, nikimwonyesha kopo la kuchovya.

Alipomaliza wa kwanza alirudi nyuma, akautazama sana.

“Sasa wamefurahi?”

“Wamefurahi.”

“Iko vilevile,” akasema, akabeba ngazi kwenda ukuta wa pili.