Bomba la Baba limesema lenyewe

Jamani, leo bomba la choo limetuharibia biashara. Tena kwa maandishi!

Tunauza nyumba yetu hapa Rusimbi. Mnunuzi, mama mmoja mpole wa Buzebazeba, aligoma kusaini chochote mpaka bomba la maji machafu lipigwe kamera.

Baba akacheka. "Bomba hilo nimelilaza mwenyewe, miaka ile wakimbizi wanamiminika. Chuma cha Mjerumani!"

Haya. Fundi kaingiza kamera, sote macho kwenye skrini. Baba kajishika kiuno kama mgeni rasmi.

Mita tatu tu, chuma kikaisha.

Yakaanza madebe. Yale ya mafuta ya msaada waliyokuwa wakigawiwa wakimbizi! Yamekatwa, yamekunjwa, yameunganishwa, maandishi yako ndani.

Kutu imekula kila kitu, limebaki neno moja kubwa jekundu:

HAIUZWI.

Mama yangu akakimbilia jikoni, nikasikia sufuria zinaanguka na yeye anacheka.

Mnunuzi akachukua mkoba wake taratibu.

"Mzee wangu, nyumba yenyewe imeshakataa. Mimi ni nani nibishane nayo?"

Sasa Baba kanuna, hataki chai.

Nani anamjua mnunuzi asiyejua kusoma?