Fungua Mdomo, Usitoe Sauti

Kuna mwanamke alisimama ubavuni mwangu matamasha matatu, anafungua mdomo, anafunga, na sauti haitoki.

Watu waliokaa mbele walidhani anaimba. Anatabasamu, anayumba na wenzake, jasho linamtoka.

Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Naandika hii bila kujitetea.

Mimi ni fundi cherehani. Kwaya yetu ya akina mama ina watu ishirini na wawili, na sare zote nimeshona mimi. Mazoezi ni kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila mwaka tuna msimu wa matamasha matatu.

Miaka sita mfululizo, solo, ule wimbo wa kuimba peke yako, ilikuwa yangu.

Ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, akaniomba nimpeleke kwenye kwaya. Kazi yake ni kupiga pasi kwa dobi. Mpole mpaka anakera. Nikasema twende, angalau nitapata wa kunishikia mkoba.

Siku hiyo aliimba mistari miwili tu. Mwalimu wa kwaya akaweka kalamu chini.

"Huyu mlimficha wapi?"

Wenzangu wakaanza kumwita Kengele. Nikacheka nao, huku roho inanichoma kama nimemeza pini.

Jumamosi iliyofuata mwalimu akanivuta pembeni. "Mwaka huu solo tumpe wifi yako. Wewe umeshaifaidi vya kutosha."

"Wazo zuri sana, mwalimu," nikamjibu.

Tukiwa tunashuka ngazi, nikamshika wifi mkono.

"Wifi, usinielewe vibaya. Mwalimu anaona haya kukwambia. Sauti yako inawapoteza wenzako."

"Yangu mimi?"

"Simama nasi tu, fungua mdomo, usitoe sauti. Na usimuulize, utamwaibisha."

Tulipofika chini akasema, "Ahsante kwa kuniambia wewe. Angekuwa mtu mwingine ningelia."

Kwa mwalimu nikapeleka neno jingine: "Koo linamsumbua wifi, ila hapendi kuulizwa."

Solo ikarudi nyumbani.

Tamasha la kwanza nikaimba. La pili nikaimba. Makofi, vigelegele, watu wamesimama. Kando yangu Kengele, mdomo wazi, kimya.

Sikuumia. Tuwe wakweli. Nilifurahi.

Tamasha la tatu lilikuwa Jumapili alasiri. Tuko chumba cha kubadilishia nguo, mwalimu akamfuata wifi mbele ya watu wote.

"Koo linaendeleaje? Wifi yako aliniambia unaumwa, ndiyo maana nikakuondoa kwenye solo. Kama limepona, leo uimbe wewe, tufunge nawe msimu."

Wifi akanigeukia polepole. Nikajua leo nimekwisha.

Hapo ndipo ningeweza kurekebisha. Nilikuwa na sekunde kama tano. Nikazitumia hivi:

"Hapana, mwalimu. Asiimbe. Koo lake bado."

Wifi aliniangalia, macho yakamjaa machozi. "Sawa, mwalimu," akasema. "Aimbe wifi."

Niliimba vizuri kuliko siku zote.

Baadaye alinikuta nyuma ya jukwaa. Nikajiandaa kwa kofi. Akanikumbatia.

"Kumbe ulijua! Kaka alikwambia, eh? Nilimwapisha asimwambie mtu!"

Akanishika mikono yote miwili.

"Jumatano naingia kwenye upasuaji. Uvimbe uko kooni. Daktari alisema niimbe nitakavyo, haidhuru kitu, maana wakishakata, sauti ndiyo basi tena. Nilitaka niimbe msimu huu mmoja tu. Lakini wewe ukahofia nitajiumiza, ukatunga maneno yote yale ili nipumzike. Wifi, sikujua unanipenda hivi."

Mnajua nilimjibu nini?

"Wewe ni ndugu yangu."

Nikampapasa mgongo.

Upasuaji ulienda salama. Sauti ilienda nao. Sasa anaandika kwenye daftari dogo, na kila mgeni anayeingia anamwonyesha mimi, halafu anaandika: *Huyu ndiye alinilinda.* Wageni wananibariki.

Wiki moja baada ya upasuaji mume wangu aliingia chumba changu cha kushonea. Akasimama mbele ya cherehani.

"Dada ameniandikia kwamba nilikwambia habari za koo lake."

Nikaendelea kukanyaga.

"Mimi sikukwambia."

Uzi ukakatika. Nikajifanya natafuta mwingine.

"Nimeongea na mwalimu," akasema. "Usiseme kitu. Na dada sitamwambia. Sauti imekwenda, kilichobaki ni kuamini kwamba kuna mtu alimpenda. Sitamnyang'anya."

Akatoka. Tunaishi nyumba moja mpaka leo. Ananisalimia, anakula, ananiita mama watoto mbele za watu. Ila nikienda kumsalimu dada yake, na yeye anavaa viatu twende wote. Hatuachi mimi na wifi peke yetu hata dakika moja.

Msimu mpya umeanza. Solo ni yangu. Hakuna anayegombea.

Akina dada, kama unamwonea mtu wivu, mwambie usoni kwamba unamwonea wivu. Mtagombana, mtanuniana, yataisha. Mimi nilimfanyia ubaya nikaupaka upendo, na sasa hata kumwomba msamaha siwezi, maana siku nitakayomwomba ndiyo siku nitakayommaliza.

Na yeye hatakuwa na sauti ya kunilaani.