Jibu Sahihi Lilikuwa Hapana

Leo mwanafunzi wangu wa chuo ameniletea rasimu ya dodoso lake kuhusu kichocho. Mikono yake inanukia sabuni ya mche, na swali lake la kwanza ni hili: "Je, unaoga ziwani?"

Harufu ileile ilijaa darasani kwetu asubuhi moja nilipokuwa shule ya msingi. Tulikuwa tumetoka kuoga ziwani kama kila siku, nywele zimelowa, maji yanatuchuruzika shingoni. Watafiti wa kichocho walikuja na boksi la dawa kwa watoto wanaooga ziwani. Mwalimu, ambaye wiki nzima alitukaririsha kwamba kuoga ziwani ni vibaya, alisimama nyuma yao na fimbo yake.

Mwenzangu wa dawati tumbo lilikuwa limemvimba, na alikuwa akipata choo chenye damu. Habari ya damu niliijua mimi tu. Mtafiti aliponiuliza kama naoga ziwani, mwenzangu akaniona nasita, akaninong'oneza, "Sema hapana. Ndilo jibu sahihi."

"Hapana," nikamwambia mtafiti.

"Hapana," akasema naye, na tone la maji likamdondoka kichwani hadi kwenye karatasi. Mtafiti akalifuta kwa kidole, akaandika. "Vizuri. Anayefuata."

Watu wazima wenye macho yao, na hakuna aliyetuuliza asubuhi ile tumeoga wapi.

Boksi liliondoka halijafunguliwa. "Hongereni," mwalimu akasema, "hamkuniangusha." Tukajipigia makofi, na mwenzangu akapiga kwa nguvu kuliko wote. Muhula uliofuata nilikaa dawati lile peke yangu.